Mafuta ya Karafuu

Yasunori, leo nimeuchukua upanga wako,
nikaupandisha treni ya saa mbili na robo.
Umelala magotini pangu kama mtoto wa kupanga
ndani ya mfuko ulioushona mwenyewe
kwa mshipi wa kimono changu cha harusi.
Hukuniomba. Nilijua siku nilipoutafuta.

Miaka kumi na mmoja tulilipa.
Kila mwisho wa mwezi, bahasha ya kahawia,
na mimi jikoni napima mchele kwa kikombe,
nikikuita mume wa vyuma,
mwenye wake saba ukutani, wa nane mimi.
Sita tumeziuza kulipa hospitali.
Huyu wa saba, kipenzi chako,
nikambakiza. Kwa hasira, usidhani ni mapenzi.

Fundi Itakura wa Setouchi hana maneno.
Amechuchumaa kwenye kigoda, goti moja juu,
kidole gumba chasukuma kijiwe
chembamba kama ganda la kitunguu.
Aling'oa kijiti cha mwanzi mpinini,
akagonga kifundo cha mkono wake kwa ngumi,
upanga ukatoka uchi mpaka shinani,
huko kweusi kusikopigwa msasa,
na jina likaonekana.
Alitazama. Akashusha pumzi puani.

"Jina ni la uongo, mama.
Patasi hii ni ya mkono mwingine,
wa baadaye sana. Ona kutu
ndani ya herufi: bado changa."

Ati kutu nayo ina umri, Yasunori!
Nilitaka kuinuka niende zangu,
lakini fundi aliugeuzia dirisha.
"Hili," akasema, "halijui kusoma."

Nikaona.
Mchanga wa chuma uliochekechwa mtoni,
usiku wa tatu wa tanuri, makaa ya msonobari,
nyundo, na kukunjwa, na nyundo, na kukunjwa tena
hadi chuma kikawa na nyuzi kama ubao;
kisha udongo, mzito mgongoni,
mwembamba makalini,
kisha maji, mara moja tu, bila kujaribu.
Pale maji yalipouma kwanza
umebaki ukungu mweupe unaotambaa
kutoka shina hadi ncha,
ukungu wa alfajiri uliokataa kuondoka.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Basi hiki chema
nani alikivika kilemba cha mwenziwe
akakitembeza sokoni?

"Nikilifuta jina," akasema Itakura,
"utapata cheti. Na bei."
Nilitafuta kadi ya usajili chini ya mfuko.
Ikatoka na stakabadhi ya mwaka wa tatu,
nyuma yake mwandiko wako, penseli:
*Jina bandia. Nimeambiwa leo.
Nitaendelea kulipa.*

Miaka minane, Yasunori!
Miaka minane ulijua,
nami napima mchele kwa kikombe!
Nilicheka hadi fundi akasimamisha jiwe,
nilicheka hadi ikawa si kicheko tena,
akanimiminia chai, akatazama pembeni.

Sasa ni usiku. Nimefanya ulivyokuwa ukifanya:
karatasi laini, toka shina kwenda ncha,
kisha unga wa jiwe, pu, pu, pu,
karatasi tena, nisipumue juu yake,
kisha tone moja la mafuta ya karafuu.

Na nyumba nzima ikanuka wewe.

Miaka yote nilidhani ni dawa yako ya jino.
Nilikuwa nikikufokea uende kwa daktari
nawe unaitikia, "Ndiyo, Fusae, kesho,"
umegeuka, mikono yako ikining'aa mafuta.

Jina bado lipo.
Fundi anasubiri simu yangu Ijumaa.
Ijumaa ni kesho.
Mchele nimeuloweka, kikombe kimoja,
halafu, sijui kwa nini,
nikaongeza nusu.